Kipa Alikuwa Mmoja

Nilichagua kuchunguza michezo kwa sababu ya woga. Wanafunzi wangu wa baadaye walidhani ni mapenzi ya mpira, nami nikawaacha wadhani hivyo. Ni kweli nilicheza netiboli shuleni, na nilikuwa mdakaji hodari. Lakini mwaka nilioajiriwa kuwa mhadhiri msaidizi, wahadhiri wawili wa ghorofa yetu walikuwa wamechukuliwa na makachero, mmoja akitoka darasani, mwingine nyumbani kwake akinywa chai na mkewe. Wa kwanza alikuwa akiandika habari za mashamba. Wa pili sikuwahi kujua alikuwa akiandika nini, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Mkuu wa idara yetu alikuwa mzee mpole aliyefunga mlango kabla ya kuzungumzia hata mvua. Nilipompelekea kichwa cha utafiti wangu alikisoma mara mbili, akavua miwani.

"Michezo na afya ya wafanyakazi viwandani," akasema. "Hapo ni salama. Nani atamkamata mtu kwa kuuliza habari za mpira?"

Nilitaka kujua jambo moja, na mpaka leo naamini lilikuwa swali zuri. Je, mfanyakazi anayecheza jioni huishi vizuri zaidi kazini kuliko mwenzake anayekwenda nyumbani moja kwa moja? Huugua mara chache? Hulala usingizi? Niliandika hojaji ya maswali ishirini, nikapata kibali cha utafiti chenye mihuri mitatu, nikarudi kwetu milimani.

Kiwanda nilichopewa kilikuwa cha chai, juu ya Kiriaini, upande ambao ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Siku za wiki nilipanga chumba nyuma ya duka moja pale sokoni. Ijumaa nilirudi kwa mama yangu, nje kidogo ya Karatina, ambaye alikuwa mjane na alilima kabeji na viazi. Aliniita "maitu", yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na kila Ijumaa alinitazama toka kichwani hadi miguuni kabla ya kunipokea mkoba, kama mtu anayehesabu kuku wake jioni.

Meneja wa kiwanda alinikaribisha kwa furaha. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyeipenda timu ya mpira ya kiwanda kuliko alivyoipenda chai. Timu yake ilikuwa imevishinda viwanda vyote vya jirani, na kikombe kilikaa juu ya kabati la ofisi yake, kimepanguswa kikang'aa.

"Uliza chochote," aliniambia. "Vijana wangu hawana siri."

Nilipewa chumba kidogo kilichojaa masanduku matupu ya chai. Wafanyakazi waliletwa mmoja mmoja, wakakaa juu ya sanduku, mimi juu ya jingine. Kila mmoja nilimwambia maneno yale yale: jina lako halitaandikwa popote, utakuwa namba, na namba yako naijua mimi peke yangu. Majina na namba niliyaweka katika daftari moja dogo la kurasa arobaini, ambalo halikutoka mkobani mwangu. Nilijivunia utaratibu ule. Nilikuwa nimeusoma vitabuni.

Maswali kumi na matatu ya kwanza yalipita kwa urahisi. Unaamka saa ngapi? Unatembea umbali gani kuja kazini? Unacheza nafasi gani? Watu walicheka, wakasimulia mabao. Kisha tulifika swali la kumi na nne: je, kuna jambo lolote kazini linalokutia hofu?

"Hakuna," walisema.

Walisema hivyo wote, mmoja baada ya mwingine. Ila wengi, kabla ya kusema, walitazama mlango. Mwanamke mmoja mchambua majani ya chai alilitamka jibu lenyewe kabla sijamaliza swali. Mchochea tanuri, mzee aliyekuwa amezungumza kwa sauti kubwa nusu saa nzima, alishusha sauti mpaka nikalazimika kumwomba arudie. "Hakuna," akarudia, akasimama, akaondoka huku bado yamebaki maswali sita.

Nilianza kuandika kando ya kila "hakuna" jinsi ilivyosemwa. Nilifikiri nimegundua jambo la maana. Nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Pale kiwandani palikuwa na zahanati, chumba kimoja chenye kitanda na kabati, na daktari msaidizi aliyekuja mara mbili kwa wiki. Kwa kuwa kibali changu kilitaja afya, aliniruhusu kusoma daftari la wagonjwa. Nilisoma asubuhi nzima. Mafua, mgongo, macho kuwasha kwa moshi. Na kila baada ya kurasa chache: kidole, mpira. Vidole viwili, mpira. Kiganja, mpira.

Mwanzoni nililaumu uwanja. Ulikuwa umekatwa kwenye mteremko, una mawe, na mchezaji akianguka huteleza mpaka kwenye ua wa michongoma. Niliandika hata maelezo ya kitaalamu kuhusu viwanja vibovu. Siku mbili zikapita ndipo nikajiuliza swali ambalo mtoto wa shule angeuliza. Mpira wa miguu unaumizaje vidole vya mikono, tena vya watu kumi na zaidi, wakati mwenye ruhusa ya kuushika kwa mikono ni mmoja tu uwanjani?

Huyo mmoja alikuwa namba thelathini na moja. Alikuwa mrefu, mtulivu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba magunia tangu utoto, na kazi yake ilikuwa kulisha majani katika mashine ya kukatia, yale magurudumu mawili ya chuma yenye meno yanayozunguka kwa kukabiliana. Katika hojaji alikuwa amejibu "hakuna" kama wenzake. Lakini jioni moja baada ya mazoezi, wenzake wakiwa wameshuka kwenda kunawa, alibaki golini akijifanya anafunga wavu, na nilipopita akaniita.

Tuliongea Kiswahili, ingawa sote tulikuwa Wagikuyu. Kiwandani ndiyo ilikuwa lugha ya kazi, na nadhani ilimrahisishia, kama mtu anayetoa taarifa.

"Madam, ati umesoma ile kitabu ya zahanati?"

"Nimesoma."

"Umeona vile mpira inaumiza watu vidole?"

"Nimeona. Nilitaka kukuuliza."

Akanipa mikono yake niitazame. Vidole vilikuwa vimepinda huku na huku, viungo vimevimba kama mizizi ya tangawizi, lakini vyote kumi vilikuwapo.

"Mimi niko na miaka tano kwa goli," akasema. "Mpira inapinda kidole. Haikati."

Kisha akanieleza. Mashine ile ilikuja na kifuniko cha chuma. Majani mabichi yakikwama, ilibidi kuizima, kufungua kifuniko, kutoa majani, kufunga, kuwasha tena. Msimu wa mavuno mengi msimamizi aliamuru kifuniko kitolewe. Sasa yakikwama, mtu husukuma kwa mkono, mashine ikiwa inazunguka. Aliyeumia aliandikwa kuwa ameumia mpirani, hata kama hakuwahi kugusa mpira maishani, ili taarifa isifike ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya kazi. Mchochea tanuri alipoteza vidole vitatu akimsaidia mwanawe kwenye mashine hiyo. Mwanawe bado anafanya kazi pale, ndiyo maana baba amenyamaza.

"Na wewe unaogopa?" nikamwuliza.

"Kila siku naogopa. Nikiingia naomba Mungu, nikitoka nahesabu." Akaninyoshea tena ile mikono, akacheka kidogo. "Sasa wewe utaandika?"

"Nitaandika. Jina lako halitatokea."

"Sawa," akasema. Aliniamini.

Niliandika taarifa ya awali kwa wiki tatu. Nilieleza daftari la zahanati, nikaeleza zile "hakuna", kisha nikafika mahali ambapo nilihitaji ushahidi wa mtu. Nikaandika hivi: mfanyakazi namba thelathini na moja, ambaye ni kipa wa timu na hivyo anafahamu vyema madhara ya mpira kwa vidole, alisema kwamba mpira hupinda, haukati.

Niliipenda sentensi hiyo. Niliisoma kwa sauti chumbani, peke yangu. Mkuu wa idara aliipenda pia, akaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Wala yeye wala mimi hatukuona kitu. Masharti ya kibali yalitaka nakala moja ipelekwe kiwandani na nyingine ofisi ya serikali ya mkoa, Nyeri, nami, mtu wa kufuata sheria, nikazipeleka zote mbili kwa mkono wangu.

Siku kumi baadaye, Jumamosi asubuhi, mtu mmoja alisimama langoni kwa mama. Alikuwa amevaa kabuti la rangi ya udongo na viatu visivyo na tope, ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Gari lilikuwa limesimama mbali, barabarani, injini ikinguruma. Alimsalimu mama kwa heshima. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mwalimu wa mpira?"

Nikasema ndiyo.

"Unahitajika Nyeri Jumatatu saa tatu. Uje na karatasi zako zote. Zote." Akamtazama mama, akatabasamu. "Kabeji zako ni nzuri, mama."

Alipoondoka, mama hakuniuliza nimefanya nini. Aliuliza swali moja tu.

"Majina ya watu yako wapi?"

Nikamwonyesha daftari. Hakujua kusoma, lakini alilishika kwa ncha za vidole kama kitu kinachouma. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia, ijapokuwa nilizaliwa katika miaka ile ile ya Hali ya Hatari ya wakoloni. Alisema siku moja watu wote wa kijiji waliketishwa juani, na mbele yao akaletwa mtu aliyefunikwa gunia kuanzia kichwani mpaka kiunoni, lenye matundu mawili ya macho. Kila mtu alipita mbele ya gunia. Likitikisa kichwa, mtu yule alikwenda upande mmoja na hakurudi. Ndugu yake wa kiume alikwenda upande ule.

"Hatukujua ndani ya gunia ni nani," mama akasema. "Pengine ni mtu aliyekula kwetu. Maitu, choma hili daftari."

"Mama, ni miezi minne ya kazi."

"Choma."

Mchana ule ule, maharagwe yakiwa jikoni, aliliingiza kati ya mafiga yeye mwenyewe. Jalada gumu lilikataa kushika moto, likafuka moshi mweusi, akalichochea kwa kijiti mpaka likawa jivu, kisha akalipondaponda jivu. Nililia. Wakati ule nilidhani nalilia kazi yangu.

Jumatatu nilifika Nyeri kabla ya saa mbili. Niliketishwa kwenye benchi la ukumbini, mbele ya mlango wa kijani, na hakuna aliyenisemesha mpaka saa saba. Nimefundisha somo la msongo wa mawazo kwa miaka mingi tangu hapo, na sijapata kitabuni maelezo ya saa zile tano.  Nilihitaji kwenda msalani, nikaogopa kusimama, nikidhani wakiniita sipo itakuwa kosa jingine. Kila viatu vilipopiga sakafu niliufunga mkoba wangu upya, ingawa ulikuwa umefungwa.

Ofisa aliyenipokea hakuwa mtu wa kwetu, Kiswahili chake kilikuwa sanifu na kitulivu. Aliniagizia chai. Alikuwa na nakala yangu mezani, na hojaji juu yake.

"Swali la kumi na nne," akasoma polepole. "Je, kuna jambo lolote kazini linalokutia hofu?" Akainua macho. "Nani alikwambia kwamba wananchi wana hofu?"

"Hakuna aliyeniambia. Ni swali tu."

"Swali tu. Ukimwuliza mtu kila siku kama anaumwa, si ataanza kuumwa?"

Nikanywa funda la chai.

"Nani alikutuma?"

"Chuo."

"Chuo kina watu wengi. Nani?"

Nilisema ni mimi niliyechagua. Aliniuliza marafiki wangu ni akina nani, nasoma nini, wale wahadhiri wawili niliwajua kwa kiasi gani, kaka yangu anafanya kazi wapi. Hakupaza sauti hata mara moja. Kila nilipotaja kitu aliandika, na kila nilipokaa kimya aliandika pia, tena kwa muda mrefu zaidi. Mwishowe akauliza kuhusu orodha ya majina.

"Sina," nikasema. "Niliichoma."

Nilikuwa nimelikariri jibu hilo tangu Jumamosi. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa kofi, kufungiwa, kuachwa nilale kwenye saruji. Katika woga wangu wote nilikuwa nimeweka fahari kidogo kwamba hata wakinifanyaje, majina yale yamekwisha kuwa jivu.

Ofisa alicheka, kwa upole, kama mtu anayemcheka mpwa wake.

"Madam, orodha ya nini? Umeandika kipa." Akaigeuza karatasi kuelekea kwangu, kidole chake kikiwa chini ya ile sentensi niliyoipenda. "Timu ina makipa wangapi?"

Nakumbuka chai. Ilikuwa na utando juu, nami nikaukusanya kwa kijiko, nikauweka ukingoni mwa sahani.

"Rudi chuoni," akasema. "Andika juu ya mpira. Mpira ni kitu kizuri."

Ningependa kusema kwamba nilitoka pale nikakimbia moja kwa moja kumwonya. Sikufanya hivyo. Nilirudi kwa mama, nikajifunika blanketi, nikakaa siku mbili. Nilijiambia kwamba nikienda kiwandani watanifuata, na nitamwongezea matatizo. Huenda ilikuwa kweli. Lakini nikiwa chini ya blanketi sikuwa nikimfikiria yeye. Nilikuwa nikisikiliza barabara.

Siku ya tatu nikaenda. Askari wa lango, ambaye alizoea kunitania kuhusu viatu vyangu, aliniambia bila kunitazama kwamba sina ruhusa ya kuingia. Nikazunguka kwa juu, kupitia mashamba ya chai, mpaka nikaona uwanja. Mazoezi yalikuwa yakiendelea. Golini alisimama mtu mfupi, mwenye glavu zilizomzidi mikono, akikosa mipira ovyo, na hakuna mchezaji aliyemcheka wala kumkemea.

Kwenye banda la kununulia majani nilimkuta mama mmoja mchumaji akifunga kikapu. Nilimsalimu. Alitazama huku na huku.

"Kipa walimjia Jumanne na gari," akasema kwa Kigikuyu, akiendelea kufunga. "Mkewe aliambiwa ampe sweta. Binti, shuka kwa njia ile ya mtoni. Usipite langoni tena."

Jumanne ilikuwa siku moja baada ya mimi kunywa chai ile Nyeri. Wakati ule nilikuwa kitandani.

Miezi minane iliyofuata naikumbuka kama ugonjwa. Nilirudi chuoni, nikafundisha. Nilipungua mpaka sketi ikawa inazunguka kiunoni. Gari likipunguza mwendo nyuma yangu nilisimama kwenye ukuta mpaka lipite. Katika darasa la wanafunzi sitini nilitafuta yule anayeandika wakati ambapo hapakuwa na la kuandika. Nilipata mmoja, nikamwogopa muhula mzima, na baadaye nikagundua alikuwa akimwandikia mchumba wake barua. Sikuthubutu kuuliza habari za namba thelathini na moja, kwa sababu kuuliza kungekuwa kumtaja tena. Nilihisi yuko hai asubuhi, na jioni nilihisi amekufa. Mkuu wa idara alichukua nakala yake ya taarifa, akaikata vipande vidogo kwa mkasi, akaigawa katika mapipa matatu ya takataka. 

Habari niliipata kwa bahati. Mama alikwenda matanga ya jamaa yetu upande wa Murang'a, akaketi karibu na mwanamke aliyekuwa akisimulia habari za shemeji yake, aliyewahi kuwa kipa wa kiwanda cha chai, na sasa anaziba pancha Sagana. Mama alirudi akiwa na jina la kituo cha mafuta kilicho karibu na karakana yake.

"Nimekuletea," akasema. "Ukitaka kwenda, nenda. Ukiniuliza mimi, usiende."

Nilikwenda Jumapili, nikiwa nimefunga kitambaa kama mtu anayetoka kanisani. Sagana kuna joto, na barabara kuu hupita hapo na malori yake yote. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa ameinama juu ya gurudumu la lori, na nilitambua vile vidole. Nilivihesabu. Nilipomaliza kumi nikamkaribia.

Aliinua kichwa, akanitazama muda mrefu. Hakushangaa, wala hakukasirika. Alitazama nyuma yangu, barabarani, kulia na kushoto, kuona kama nimekuja na mtu.

"Madam."

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakaniishia hapo.

Alirudi kwenye gurudumu. Akachomeka chuma cha kutolea tairi, akakandamiza.

"Walikaa na mimi siku tisa," akasema. "Waliniuliza wewe ni nani. Nikasema ni mama anauliza mambo ya mpira. Wakaniuliza tena. Nikasema hivyo hivyo. Mwisho wakachoka." Akainua kichwa. Alama nyembamba ilipita juu ya jicho lake, ambayo haikuwapo uwanjani. "Wakaniambia nisirudi huko kiwanda."

"Nilikuahidi jina lako halitatokea."

"Halikutokea." Alisema bila kejeli. Akatoa tairi, akalikalia. "Lakini Madam, mbona uliandika kipa? Ungeandika tu mtu."

 Nilikuwa na shahada mbili, na miaka ya kufundishwa namna ya kuwaficha watu ndani ya namba, na mtu huyu asiyemaliza darasa la saba alinifundisha somo zima kwa neno moja. Nililia mbele yake, na hilo lilimtia wasiwasi zaidi, kwa sababu dereva wa lori alikuwa ameanza kututazama.

"Nyamaza, tafadhali," akasema kwa sauti ya chini. "Watu wataona." Kisha, labda ili ninyamaze, akaniambia: "Ile kifuniko walirudisha. Bibi yangu bado anaishi huko, ameniambia. Wiki ile tu niliondoka, wakarudisha. Walikuwa wameiweka kwa stoo."

Nikamwuliza kama naweza kumsaidia kwa lolote, kumtafutia kazi, kumwandikia barua.

Alishtuka. "Usiandike!" Akasimama, akapangusa mikono kwa kitambaa chenye mafuta, kidole kimoja kimoja. "Na usirudi hapa. Si kwa ubaya. Nikiona wewe, naogopa."

Nikamshika mkono, nikaondoka. Sikurudi. Kwa mkewe nilipitisha salamu mara mbili kupitia mama, na mara zote mbili jibu lilikuwa kwamba ni wazima. Miaka ilipopita na mambo ya nchi yakalegea, nilisikia amehamishia familia yake Sagana, na kwamba karakana imekua. Wengine waliniambia sasa naweza kwenda, hakuna wa kumwogopa. Lakini aliyeogopwa nilikuwa mimi, na hilo lilikuwa halijabadilika kwa sheria yoyote.

Nilimaliza shahada ya uzamivu kwa takwimu za mbio na mapigo ya moyo, bila hata mtu mmoja anayezungumza ndani yake. Ilisifiwa kwa usafi wake. Baadaye niliandika mengi kuhusu kazi na michezo, nikawa profesa, nikaalikwa kusema mbele ya mameneja. Kwa miaka mingi hata hivyo sikuweza kumketisha mtu mbele yangu na kumwuliza swali. Nikifungua daftari, nililifunga tena.

Nilipoanza tena nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini, na nilianza na wauguzi wa hospitali moja. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye sauti kavu. Kabla sijauliza chochote, akaniuliza yeye.

"Utaandika nini juu yangu?"

Nikamwambia nitaandika yote atakayosema, kisha nitamletea karatasi na kalamu, na chochote asichokitaka atakifuta mwenyewe, asinieleze kwa nini. Alinitazama kama mtu anayeuziwa maziwa yaliyotiwa maji. Akaongea saa nzima. Alinieleza mambo ambayo mpaka leo sijamsimulia mtu.

Wiki iliyofuata nilimpelekea kurasa saba. Aliketi dirishani akasoma kila neno, midomo ikicheza. Akafuta wodi yake. Akafuta miaka aliyofanya kazi, akafuta idadi ya watoto wake, akafuta daktari, akafuta kisa chote cha oksijeni, akafuta hata ya kwamba anaimba kwaya. Nilikaa na mikono mapajani, nikimwangalia akiimaliza kazi yangu mstari kwa mstari, na sikuhisi hasira hata kidogo. Aliporudisha zile kurasa, palikuwa pamebaki sentensi moja katika ukurasa wa nne: miguu inaniuma.

"Hiyo unaweza kuandika," akasema.

Nikaichukua, nikamshukuru, nikamwita muuguzi wa pili.